Watoto wanachagua kozi za chuo kwa kusikia jina tu, jamani tuwaelezee mapema

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji, najua nafasi yenyewe ni ndogo ila hili jambo limenikaa kifuani miaka mingi na kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi wa saba mimi nalala vibaya.

Nina steshenari hapa Singida mjini, sio mbali na stendi. Natoa fotokopi, naprinti, naskani vyeti, nauza kalamu na kaunta buku, na kuanzia mwezi wa saba mpaka wa tisa kazi yangu kubwa inakuwa ni kuwajazia watoto maombi ya chuo na ya mkopo. Wanatoka Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni, Itigi, wengine wamepanda gari alfajiri na bahasha ya kaki yenye vyeti wameibana kwapani. Wananiita dada wa steshenari. Kwahiyo ninayoyasema hapa nayaona kwa macho yangu mezani kwangu, sijasimuliwa na mtu.

Mwaka juzi alikuja binti na baba yake. Mzee analima alizeti na vitunguu upande wa Iramba na ameuza magunia ili mtoto apate nauli na hela ya kuombea vyuo. Binti amesoma CBG yaani Kemia, Bayolojia na Jiografia, na amefaulu vizuri tu, B, B na C, hizo ni pointi 11 mana A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mzee akaniambia, "Mwanangu, huyu tangu yuko darasa la tatu anasema atakuwa daktari, mtafutie udaktari Muhimbili, na pakishindikana hata Bugando." Mikono ikawa mizito kwenye kibodi. Kwasababu udaktari wa binadamu unataka ufaulu Fizikia, Kemia na Bayolojia zote tatu kidato cha sita, na CBG haina Fizikia, yaani hata angepata A tatu mfumo ungemkataa. Nikamgeuzia kompyuta binti asome mwenyewe, akasoma, akasoma tena, akanyamaza. Mzee hakuelewa mana imeandikwa Kiingereza, ikabidi nimueleze mimi. Akaniuliza swali moja ambalo mpaka leo sijalisahau, "Sasa hizo B zake zinafanya kazi gani?"

Nikakaa nao kama saa nzima wateja wengine wakisubiri. Nikawaambia ipo njia ya kuanzia diploma ya utabibu miaka 3, mana Fizikia ya kidato cha nne alikuwa amefaulu, akitoka na GPA, yaani wastani wa ufaulu, isiyopungua 3.0 anaomba udaktari miaka 5 halafu mwaka 1 wa intanshipu, ni njia ndefu lakini ipo. Nikawaambia zipo na kozi za SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, kilimo cha mazao na bustani, wanyamapori, misitu, na upo ualimu wa sayansi. Mzee akasema "umsomeshe mtoto miaka yote hiyo arudi kushika jembe?" na mimi sikumlaumu kwasababu yeye jembe analijua kuliko mimi, ila hakuna aliyewahi kukaa akamueleza kwamba kozi ya kilimo chuo kikuu ni udongo, mbegu, magonjwa ya mimea, masoko na umwagiliaji, na kwamba mtu aliyesoma hiyo ndio angeweza kumwambia kwanini vitunguu vyake vinaoza kabla ya kufika sokoni.

Sasa Mhariri, hoja yangu ni hii na naomba isipotee. Huyu binti hakukosea mwezi wa saba mezani kwangu. Alikosea miaka miwili na zaidi nyuma, kidato cha nne, siku aliyojaza Selform, ile fomu ya machaguo, na kuchagua kombi, yaani masomo matatu ya kusoma kidato cha tano na sita. Siku ile alichagua CBG kwasababu mwalimu wa Fizikia shuleni kwao hakuwepo na mtu akamwambia CBG ni sayansi tu, ni sawa na PCB, ile ya Fizikia, Kemia na Bayolojia. Hakuna aliyemwambia "binti, ukiweka tiki hapa udaktari umeufunga." Na sio yeye tu. Kila mwaka napata vijana wa PCB wanaotaka uhandisi wa ujenzi, na uhandisi unadai Fizikia pamoja na Hesabu za Advansi, ile hesabu ndogo ya BAM waliyosoma haihesabiki hapo. Kijana ana Fizikia ya B anatoka kwangu kichwa chini.

Na mambo yamezidi kuwa mengi. Zamani kombi zilikuwa 16, unazihesabu kwa vidole vya mikono na miguu. Mwaka 2024 zikatangazwa 65, zipo za michezo, za sanaa, za biashara, za lugha, za elimu ya dini, na mimi nafurahi kwakweli, mtoto mwenye kipaji cha muziki na yeye apate mlango wake. Lakini milango ikiwa 65 na hakuna anayekuambia kila mlango unatokea wapi, huoni kama tumemuongezea mtoto kizunguzungu? Kombi ndio kozi, Mhariri. Huwezi kuzitenganisha.

Sasa nije kwenye kitabu tunachotumia kuchagulia kozi. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kila mwaka wanatoa mwongozo wa udahili, upo wa waliomaliza kidato cha sita na upo wa wenye diploma na sifa nyingine. Ni kitabu kikubwa cha kurasa mamia, mimi naufungua kwenye kompyuta na naujua mpaka usingizini. Kila chuo kimewekewa jedwali, na kwenye jedwali unakuta jina la kozi, namba yake, sifa za kujiunga, pointi za chini, nafasi zilizopo na idadi ya miaka. Nawashukuru sana kwa kazi ile mana bila kile kitabu tungekuwa tunabahatisha kila kitu. Ila angalia kisichokuwepo. Hakuna hata mstari mmoja unaosema humo ndani ya kozi unasoma nini. Hakuna mstari unaosema ukimaliza unasajiliwa na bodi gani, au kama kuna mtihani mwingine unakusubiri mbele. Na chote ni Kiingereza kitupu. Mtoto aliyetoka kidato cha sita atajikaza, mzazi je? Mzazi ndiye anayetoa hela, mzazi ndiye anayeulizwa na ndugu mtoto anasomea nini, na ni mzazi huyohuyo anayepiga simu kwa mjomba Dar kumuuliza "kozi gani inalipa," mjomba anajibu kwa dakika mbili akiwa kwenye daladala na hiyo ndio inakuwa hatma ya mtoto miaka minne.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kilipoanza mwezi wa kumi 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba kulikuwa na kitivo kimoja tu, Sheria. Uamuzi ulikuwa mwepesi, unasoma Sheria au unaenda Makerere au ng'ambo. Leo tuna SUA tangu 1984, Chuo Kikuu Huria tangu 1992, Mzumbe, SUZA kule Zanzibar, na mwaka 2007 peke yake tulipata UDOM, na Muhimbili na Ardhi zikawa vyuo vikuu kamili, achilia mbali vyuo vya mashirika ya dini na vya binafsi. Hii ni neema kubwa. Ila tumejenga vyumba vingi sana kwenye nyumba na hatujaandika mlangoni kila chumba ni cha nini.

Mimi mwenyewe ni shahidi. Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2011, PCB, enzi zile maombi yote yanapita kwenye ule mfumo mmoja wa TCU ulioanza 2010, unapanga kozi kuanzia unayoipenda zaidi mpaka ya mwisho halafu mfumo unakupangia moja. Udaktari nilikosa pointi. Nikapangiwa kozi ambayo kwenye jina lake kulikuwa na neno maabara, chuo sitakitaja mana sina ugomvi nao na walimu wangu walikuwa wazuri. Nyumbani tukashangilia, mama akawaambia majirani mwanangu atakuwa mtu wa maabara hospitali, anapima malaria na damu. Na mimi niliamini hivohivo mpaka mwaka wa pili! Kumbe kozi yangu ilikuwa ya maabara za utafiti, vinasaba, vijidudu, mimea, uchachushaji, mambo mazuri kwakweli nikiyakumbuka hata leo natamani, lakini sio maabara za afya. Nilipomaliza nikaenda kuomba kazi hospitali moja, wakaniomba cheti cha usajili wa baraza la wataalam wa maabara za afya, sina, na siwezi kukipata mana kozi yangu haikuwa kwenye orodha yao. Nilirudi nyumbani nikiwa na digrii na sijui nimueleze nini mama. Nikafundisha shule ya binafsi miaka miwili halafu nikafungua steshenari.

Kama mwaka ule angekuwepo mtu mmoja wa kuniambia "hii maabara sio ile maabara," ningejipanga tofauti. Labda ningeichagua hiyohiyo, ila ningeichagua nikiijua, ningetafuta fildi kwenye vituo vya utafiti toka mwaka wa kwanza badala ya kuomba fildi hospitali na kukataliwa.

Majina haya ndio yanatumaliza. Ngoja nikupe mengine ninayokutana nayo kila siku. Kuna kozi ya afya ya mazingira, watoto wanadhani ni mambo ya tabianchi na kupanda miti, kumbe ukimaliza unakuwa afisa afya, yule anayekagua machinjio, migahawa, vyoo na maji, na kazi hiyo ina baraza lake la usajili. Kuna sayansi ya mazingira, hiyo ni nyingine kabisa, halafu kuna uhandisi wa mazingira, hiyo ya tatu unajifunza kusanifu mifumo ya majisafi na majitaka. Kozi tatu, neno moja, maisha matatu tofauti. Kuna ile bayomedikali injiniaringi, wazazi wakisikia wanajua mtoto atatibu, kumbe ni uhandisi wa vifaa tiba, ndio wale wanaotengeneza mashine ya eksirei ikigoma, na hospitali zetu za wilaya mashine zikiharibika zinakaa miezi zimefunikwa shuka kwa kukosa watu hao. Mtoto anayependa kufungua redio na kuifunga ningemsukuma huko kwa mikono miwili, lakini jina linawaleta wasiohusika na linawafukuza wanaohusika.

Halafu kuna zile ambazo hakuna anayeziuliza kabisa. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuulizwa na mtoto yeyote kuhusu jiomatiksi, ndio upimaji ardhi, pale Ardhi wanasoma miaka 4, na nchi hii migogoro ya mipaka na viwanja iko kila kijiji. Ukadiriaji majenzi pia wapi, ni wale wanaopiga hesabu jengo litagharimu kiasi gani toka msingi mpaka bati, wana bodi yao moja na wabunifu majengo. Akchuaria, hizo ni hesabu za bima na mifuko ya pensheni, UDSM ipo. Kule KCMC Moshi kuna kozi ya kutengeneza viungo bandia, mguu na mkono wa mtu aliyekatwa, na wanafunzi wanatoka nchi nyingine za Afrika kuja kusoma hapahapa kwetu. Tuna vijana wangapi wa bodaboda waliopoteza miguu? Na UDSM wana digrii ya ufugaji nyuki. Nyuki, Mhariri! Sisi wa Singida asali ya Manyoni na Itigi ndio inatutambulisha na mimi sijawahi kumjazia fomu hata mtoto mmoja wa Manyoni kwenda kusomea nyuki, hawajui kama ipo, nikiwaambia wanadhani nawatania.

Sasa wanakwenda wapi wote? Wanakwenda ualimu, sheria, uhasibu, na ile kozi ambayo mwaka huo inavuma. Kuvuma huku nako kumeumiza watu. Nakumbuka miaka ya 2012 na 2013 gesi nyingi imegunduliwa baharini kule Lindi na Mtwara, redio zote gesi gesi gesi, kila kijana mwenye Fizikia na Kemia anataka petroli, jiolojia ya petroli, uhandisi wa petroli. Bomba la kutoka Mtwara mpaka Dar likakamilika 2015 na gesi yake inatuzalishia umeme, hilo ni zuri, lakini ule mtambo mkubwa wa kusindika gesi pale Lindi uliokuwa uajiri hao vijana ukabaki kwenye mazungumzo mwaka hadi mwaka. Yuko mmoja tuliyesoma naye sekondari, alimaliza jiolojia ya petroli na ufaulu mzuri akakaa nyumbani karibu miaka mitatu, mwisho akajiunga na watu wanaochimba visima vya maji huku kanda ya kati, mana miamba ni miamba, elimu yake inafanya kazi na anaishi vizuri. Ila alikuja kuligundua hilo peke yake, kwa kuumia. Siku anaanza hakuna aliyemwambia kwamba jiolojia inaingia kwenye maji, madini, barabara na mabwawa, yeye alijua ni mafuta tu basi.

Sheria nayo nizungumze kidogo. Mzazi anajua mtoto akisoma sheria chuo kikuu akimaliza anavaa joho anaingia mahakamani. Hajui kwamba ili awe wakili lazima apite tena Shule ya Sheria kwa Vitendo pale Dar, ipo kwa mujibu wa sheria ya 2007, na kule kuna ada nyingine na mitihani mingine. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka matokeo yalipotoka, watahiniwa 633 waliofaulu moja kwa moja ni 26, ikabidi waziri aunde kamati. Mimi sio mwanasheria siwezi kusema kosa lilikuwa la nani. Ninachosema ni kwamba huo mlima wa pili uandikwe wazi kwenye kitabu siku mtoto anachagua, familia ijipange kwa hela na kwa moyo. Mhandisi naye akimaliza miaka 4 ana Bodi ya Usajili wa Wahandisi na kipindi cha kufanya kazi chini ya usimamizi kabla hajasajiliwa kamili. Mhasibu ana mitihani ya CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu. Mfamasia ana intanshipu na baraza lake. Haya yote wenye fani wanayajua vizuri sana, wasiojua ni sisi wa huku.

Ualimu sitausema sana mana unajulikana. Ni kozi ya heshima na mimi nimefundisha. Ila naona uchungu mzazi anaponiambia "akikosa vyote mjazie ualimu," halafu mtoto anajaza Historia na Kiswahili kwasababu ndio rahisi kupata nafasi, anamaliza anakutana na foleni ndefu ya wenzake wanaosubiri ajira ya serikali, wakati shule zetu za kata zinalia hazina mwalimu wa Fizikia na Hesabu. Kumbuka ni huyohuyo mwalimu wa Fizikia asiyekuwepo ndiye aliyemfanya yule binti wa Iramba akimbilie CBG.

Na msisahau kuna mkopo. Watu wanasema kozi ukikosea unabadilisha tu, sio rahisi hivo. Mtoto wa mkulima anakwenda chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, amehangaika na uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, mdhamini, sahihi ya serikali ya mtaa, mhuri wa hakimu au wakili, kila karatasi nimeiskani mimi. Akipata boom lake, ile hela ya mkopo ya kujikimu, anashukuru Mungu. Lakini lile ni deni, akipata ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe. Yaani anakopeshwa kusomea kitu ambacho siku anakichagua hakukijua. Duka la nguo tu huwezi kununua suruali ya elfu ishirini bila kuijaribu, iweje miaka minne ya ujana?

Najua kila mwezi wa saba TCU wanaandaa maonesho ya vyuo vikuu viwanja vya Mnazi Mmoja Dar es Salaam, vyuo vinaleta meza zao na walimu wao wanaeleza kozi ana kwa ana. Nilibahatika kwenda mara moja, nilitembea toka asubuhi mpaka jioni nikiuliza maswali, nikarudi Singida na begi la vipeperushi. Ni kitu kizuri sana. Ila ni Dar, na ni mwezi wa saba. Mtoto wa Mkalama hafiki Mnazi Mmoja, na hata angefika ameshachelewa miaka miwili mana kombi alishaichagua.

Kwahiyo ninachoomba kwa wahusika, TCU, Wizara ya Elimu na TAMISEMI, ni kile kitabu kitolewe pia kwa Kiswahili. Sio kutafsiri jedwali tu, kila kozi iwekewe maneno machache ya kueleza unasoma nini hasa mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, watu wa fani hiyo wanafanya kazi gani asubuhi mpaka jioni, unasajiliwa na nani na baada ya hapo kuna mtihani au intanshipu ya muda gani, na kombi zipi zinaingia na zipi haziingii. Hiyo ya kombi ndio muhimu kuliko yote. Halafu kitabu hicho kiwepo shuleni kidato cha tatu, mwalimu wa taaluma akae na wanafunzi na wazazi waitwe kama wanavyoitwa kwenye kikao cha michango ya chakula, kabla Selform haijaguswa. TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya UDSM pale Mlimani, kuna wataalam wa Kiswahili wa kuifanya kazi hii wakiombwa, na mabaraza na bodi za fani zote zina maelezo yao tayari, ni kuyaleta pamoja.

Najua kuna watakaosema wanafunzi wa chuo kikuu wanasoma kwa Kiingereza kwahiyo waanze kuzoea. Sawa, wanafunzi. Mzee wa alizeti haendi kusoma chuo, yeye anakwenda kulipa. Anayo haki ya kujua analipia nini kwa lugha anayoombea dua.

Na kwako Mhariri nina ombi moja. Mimi nina kaunta buku, kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika kozi kwa Kiswahili changu cha kawaida, kila nikikutana na mtu aliyesoma kitu nisichokijua namuuliza nikiwa namtolea fotokopi, muuguzi, mpimaji, mtu wa hali ya hewa, bwana misitu, ananieleza naandika. Sasa hivi zimefika kozi 61. Ungetenga hata kona ndogo kila wiki, kozi moja moja, ukawapa wenye fani waihakiki na kuirekebisha pale nilipokosea, gazeti lako linafika mpaka Itigi na Ndago, wazazi wanalisoma na wakimaliza wanafungia maandazi, na mwingine anasoma karatasi ya maandazi. Ukikubali nitalitoa fotokopi daftari lote nikutumie kwa basi la usiku, nauli ya kifurushi nalipa mwenyewe.

Yule binti alijaza ile diploma ya utabibu. Alinipigia mwezi wa pili mwaka huu kuniuliza kama nimeshaiandika fiziotherapi kwenye daftari, kuna mdogo wake yuko kidato cha tatu na ameanza kuuliza. Nilikuwa sijaiandika. Nimeiandika wiki iliyopita, ndio ya 61.

Msomaji wako,
Dada wa steshenari,
Singida